David Bruce, tabibu wa jeshi aliyemfichua mbung'o

Askari aliyepigwa risasi hujua angalau risasi ilitoka upande gani. Askari aliyeumwa na mdudu porini mara nyingi hajui lolote. Husikia mchomo, akajipiga kofi shingoni, akaendelea na doria. Majuma mawili baadaye yumo kitandani na homa, na tabibu akimwuliza ameumwa na nini, hana la kujibu. Swali hilo, la kumtambua aliyeuma na alichokiacha ndani ya damu, ndilo lililotumia maisha ya mtu tunayemsimulia leo.

Jina lake lilikuwa David Bruce. Alikuwa Mskoti kwa nasaba, mzaliwa wa Australia, na ofisa katika jeshi la Uingereza. Hatumsimulii kwa ajili ya kulisifu dola lililotutawala. Tunamsimulia kwa sababu kazi yake iliyo kubwa kuliko zote aliifanya hapa Entebbe, kwa macho na mikono ya watu wa nchi hii, na kwa sababu njia aliyoitumia bado ni silaha ambayo kila askari na kila polisi anaweza kuibeba bila kuongeza uzito wa mkoba wake.

ALIVYOINUKIA

Bruce alizaliwa Melbourne tarehe 29 Mei 1855. Wazazi wake walikwenda Australia katika miaka ya msako wa dhahabu, na baba yake alikuwa fundi wa mitambo. Mtoto alipotimiza miaka mitano jamaa hiyo ilirudi Scotland, ikakaa katika mji wa Stirling. Kijana hakubahatika kusoma mfululizo. Alipofika umri wa miaka kumi na minne aliacha shule akaenda kufanya kazi katika bohari moja huko Manchester. Alikuwa mwenye mwili wa nguvu, na tamaa yake ilikuwa kuishi kwa michezo, lakini alipokuwa na miaka kumi na saba alishikwa na kichomi, na matumaini hayo yakavunjika.

Mwaka 1876 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kwanza alipenda elimu ya wanyama, hasa ndege, kisha akageukia utabibu, akahitimu mwaka 1881. Alifanya kazi kwa muda katika mji wa Reigate, na huko ndiko alikokutana na Mary Elizabeth Steele. Walioana mwaka 1883. Mwaka huo huo Bruce akajiunga na chuo cha matabibu wa jeshi huko Netley.

Msomaji alishike jina la Bi Mary, kwa maana tangu hapo hakuna kazi ya mumewe ambayo mkono wake haukuwamo. Alijifunza kutumia hadubini, alichora kwa usahihi vijidudu walivyoviona, alitunza wanyama wa majaribio, na alilala katika hema na gari la maksai kama askari yeyote wa msafara.

FUNZO LA KISIWA CHA MALTA

Kituo cha kwanza cha Bruce kilikuwa kisiwa cha Malta, alikopelekwa mwaka 1884. Askari wa Uingereza waliokaa huko walikuwa wakishikwa na homa ya ajabu. Ilipanda na kushuka kama mawimbi kwa majuma na hata miezi, ikaleta jasho na maumivu ya viungo, ikawaacha vijana wenye nguvu wakitembea kwa magongo. Homa hiyo iliitwa homa ya Malta, na hakuna aliyejua chanzo chake.

Bruce hakuwa ametumwa kufanya uchunguzi. Alikuwa tabibu wa kawaida wa kambi. Hata hivyo alianza kuchunguza bandama za askari waliokufa kwa homa hiyo, na katika miaka ya 1886 na 1887 aliona na kuotesha kijidudu kidogo mno, kisha akaonyesha kwamba tumbili akidungwa kijidudu hicho huugua homa. Adui akapata jina. Lakini alimwingiaje askari?

Hapo Bruce hakupata jibu, wala wengine hawakulipata kwa karibu miaka ishirini. Wengine walitaja hewa chafu, wengine uchafu wa mitaro, na baadaye wako walioshuku mbu. Ndipo mwaka 1905, katika tume iliyoongozwa na Bruce mwenyewe, tabibu wa Malta aitwaye Themistocles Zammit alipopima damu ya mbuzi wa kisiwani. Mbuzi wengi walikuwa wamebeba kijidudu hicho bila kuonyesha dalili yoyote, nao walikuwa wakikitoa katika maziwa. Mwaka 1906 askari walikatazwa kunywa maziwa ya mbuzi, na homa ikatoweka kambini kwa haraka sana. Mbu aliyeshukiwa hakuwa na hatia. Kijidudu chenyewe kinaitwa hadi leo Brucella, kwa heshima ya Bruce.

Tumetanguliza kisa hiki kwa makusudi. Anayetaka kumjua muumaji lazima kwanza awe tayari kukubali kwamba pengine hakuna aliyeuma.

NAGANA KATIKA NCHI YA WAZULU

Mwaka 1894 Bruce alihamishiwa Natal, kusini mwa Afrika. Gavana wa huko, Sir Walter Hely-Hutchinson, alikuwa amemfahamu tangu Malta. Ng'ombe wa Zululand walikuwa wakifa kwa ugonjwa uitwao nagana. Mnyama hukonda, macho hutoa machozi, manyoya husimama, damu hupungua, mwisho huanguka. Gavana akamwomba Bruce aende kutazama. Bruce na mkewe walisafiri kwa gari la maksai majuma kadhaa mpaka Ubombo, kituo kilicho juu ya mlima, chini yake likiwa bonde lililojaa wanyama wa porini na mbung'o.

Kulikuwa na rai mbili. Wasafiri na wawindaji wa Kizungu walisema kwamba mbung'o ana sumu, na kwamba sumu hiyo ndiyo iuayo ng'ombe na farasi. Wazulu walisema kwamba wanyama wa porini ndio wenye kuchafua malisho na maji, na ng'ombe wakila hapo huugua. Bruce hakumdharau yeyote kati yao. Alizipima rai zote mbili.

Katika damu ya ng'ombe wagonjwa aliona kijidudu kilichojipinda kama mkunga mdogo, kikirukaruka kati ya chembe za damu. Kilikuwa cha jamii ya tripanosoma. Akateremsha farasi bondeni akiwa amewafunga midomo wasile jani wala kunywa tone la maji ya huko, kisha akawarudisha mlimani. Farasi wakaugua. Kwa hiyo malisho na maji hayakuwa na hatia. Halafu akafanya kinyume. Akawakamata mbung'o bondeni, akawapandisha mlimani ambako hapakuwa na ugonjwa, akawaacha wawaume wanyama wazima. Nao wakaugua. Mbung'o ndiye aliyekuwa mchukuzi.

Lakini je, ilikuwa sumu? La. Damu ya mnyama mgonjwa ikidungwa katika mnyama mzima, pasipo mbung'o yeyote, ilileta ugonjwa ule ule. Kilichoua ni kijidudu, na mbung'o alikuwa mjumbe tu. Swali la mwisho likabaki: mbung'o alikipata wapi kijidudu hicho mahali pasipo ng'ombe? Bruce akachukua damu ya nyati na swala wa bondeni, walioonekana wazima kabisa, akaidunga katika mbwa. Mbwa wengine wakaugua. Hivyo Wazulu nao walikuwa wamesema kweli, ijapokuwa njia haikuwa majani bali inzi. Mwaka 1899 wataalamu walikipa kijidudu hicho jina la Trypanosoma brucei.

Mwaka huo wa 1899 vita vya Waingereza na Makaburu vilianza, na Bruce na mkewe walifungiwa ndani ya mji wa Ladysmith uliozingirwa kwa siku 118. Bruce hakuwa mpasuaji kwa ujuzi wake, ila aliongoza hospitali na kupasua majeruhi kwa kuwa hapakuwa na mwingine, naye Bi Mary akawa muuguzi wake mezani, kazi iliyompatia nishani. Katika vita hivyo, vilivyokwisha mwaka 1902, zaidi ya nusu ya askari wa Uingereza waliokufa waliuawa na maradhi, si na silaha za Makaburu.

ENTEBBE, 1903

Wakati huo msiba mkubwa ulikuwa umeshuka juu ya nchi yetu. Mwaka 1901 madaktari ndugu wawili wa hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, waliona wagonjwa wa kwanza wa malale. Baganda waliuita ugonjwa huo mongota. Mtu huanza kwa homa na kichwa kuuma, tezi za shingo huvimba, miezi inapopita tabia yake hubadilika, husinzia mchana akiwa na chakula mkononi, hukonda, hatimaye hulala usingizi usio na kuamka. Busoga, visiwa vya Buvuma na Sese, na pwani yote ya ziwa upande wa kaskazini vilishambuliwa. Inakadiriwa kwamba kati ya 1900 na 1920 watu wapatao robo milioni walikufa. Vijiji vizima vilibaki na migomba isiyo na wa kuipalilia.

Mwaka 1902 Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya London ilileta tume ya matabibu watatu: George Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Wakati ule alishukiwa mnyoo mmoja mdogo wa damu. Christy alizunguka nchi akipima watu, na ikaonekana kwamba mahali penye mnyoo na mahali penye malale havilingani. Mnyoo ukaachiliwa. Castellani naye aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa, lakini hakuwa na hakika na maana yake.

Bruce aliwasili Entebbe mwezi Machi 1903, pamoja na mkewe, Dk. David Nabarro na Kapteni Greig. Castellani alimweleza alichokiona. Kwa mtu aliyetoka Zululand habari hiyo ilikuwa kama mlango uliofunguliwa. Wagonjwa zaidi walipimwa, na kijidudu kikaonekana kwa wengi wao. Baadaye pakazuka mabishano makali kati ya watu hao juu ya nani astahili sifa. Sisi tunaona kwamba Castellani alikiona kijidudu, na Bruce alijua la kufanya nacho.

Ikiwa kijidudu ni ndugu wa yule wa nagana, basi mchukuzi naye atafutwe miongoni mwa ndugu wa mbung'o wa Zululand. Je, wapo Uganda? Hapo Bruce alifanya jambo ambalo ofisa yeyote wa upelelezi atalitambua. Hakutegemea macho yake mawili. Aliomba msaada wa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, na kwa njia ya machifu, wamisionari na watumishi wa serikali agizo likaenda nchi nzima: kila mahali wakamatwe inzi waumao, waletwe Entebbe, pamoja na habari ya mahali walipokamatwa na kama pana malale hapo au hapana.

Vifurushi vikaanza kuwasili. Wavuvi, wakulima, wapagazi na vijana wa machifu waliwaleta inzi wa kila namna. Miongoni mwao alikuwamo yule ambaye Baganda walimjua siku zote kwa jina la kivu, naye ni mbung'o wa pwani ya ziwa. Ramani mbili zikachorwa, moja ya ugonjwa, moja ya mbung'o. Zilipolinganishwa zilifanana. Penye malale palikuwa na kivu: ukanda mwembamba wa vichaka na miti kandokando ya maji. Bara, mbali na ziwa, kivu hakuwapo, na malale hayakuenea.

Ramani pekee si ushahidi wa kutosha kumtia mtu hatiani. Kwa hiyo mbung'o waliachwa wawaume wagonjwa wa malale, kisha wakawekwa juu ya tumbili wazima. Mbung'o waliokamatwa hivi karibuni kando ya ziwa nao wakawekwa juu ya tumbili wengine. Tumbili wakapata tripanosoma katika damu yao. Mwezi Agosti 1903 Bruce aliondoka Uganda, mshtakiwa akiwa amekwisha kujulikana. Muda ule haukufika miezi sita.

KOSA LILILOREKEBISHWA

Haifai kumfanya Bruce malaika. Alidhani kwamba mbung'o huhamisha kijidudu kama sindano chafu ihamishavyo, yaani mdomo wenye damu hutoka kwa huyu na kuingia kwa yule mara moja. Mwaka 1909 tabibu wa jeshi la Ujerumani, Friedrich Kleine, akifanya kazi katika ile iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba kijidudu hukua ndani ya mbung'o kwa muda wa majuma kabla ya mbung'o huyo kuwa wa hatari, na baada ya hapo hubaki wa hatari maisha yake yote. Bruce wakati huo alikuwa amerudi Uganda, yuko Mpumu na tume nyingine. Alirudia majaribio, akaona Kleine amesema kweli, akakubali. Twaamini kuwa ofisa mwenye kukubali ripoti sahihi kutoka jeshi la taifa jingine ana nidhamu kubwa kuliko yule mwenye kushikilia ripoti yake mwenyewe.

Tena yapo matokeo ambayo wananchi waliyalipia. Tangu 1906 serikali ya kikoloni chini ya Hesketh Bell iliamuru watu waondoke kando ya ziwa na visiwani. Vifo vilipungua, hilo halina ubishi. Lakini waliohamishwa walipoteza mitumbwi, mitego na mashamba ya wazee wao, na wengi walikwenda bila kupenda. Dawa ya kuponya haikuwapo. Watu wale wale waliokamata inzi na kuwaleta Entebbe ndio walioamriwa kuyaacha makao yao. Historia ya ushindi huu ni yao kama ilivyo ya Bruce.

VITA VYA MAHANDAKI NA MWISHO WAKE

Mwaka 1908 Bruce alipewa cheo cha Sir. Kuanzia 1911 aliongoza tume Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, akichunguza malale ya namna nyingine, yaendayo kwa kasi zaidi, ambayo wanyama wa porini huyahifadhi. Vita Kuu ya 1914 ilipozuka alifanywa mkuu wa Chuo cha Utabibu cha Jeshi huko London. Aliongoza kamati ya pepopunda, ugonjwa uliowaua majeruhi wenye vidonda vya udongo, na kazi hiyo ilisaidia kueneza desturi ya kumdunga kila majeruhi dawa ya kinga.

Aliongoza pia kamati ya homa ya mahandaki, iliyowaondoa askari wengi mno katika mstari wa mbele. Mshtakiwa safari hii alikuwa chawa. Uchunguzi ulionyesha jambo la kustaajabisha: hatari kubwa ilikuwa katika mavi ya chawa, ambayo askari aliyasugua ndani ya ngozi alipojikuna. Mdudu huuma, na mkono wa askari mwenyewe humaliza kazi.

Bruce alistaafu mwaka 1919 akiwa Meja-Jenerali. Bi Mary alifariki tarehe 23 Novemba 1931. Siku nne baadaye, tarehe 27, wakati ibada ya mazishi ya mkewe ikiendelea, Bruce naye alikata roho. Alikuwa ameacha usia kwamba yeyote atakayeandika habari za maisha yake asisahau sehemu ya mkewe katika kazi ile. Sisi tumejitahidi kuutii.

MAFUNZO KWETU

Ndugu askari na polisi, malale si tishio lile la 1903. Tangu 2018 wagonjwa wanaoripotiwa duniani kwa mwaka wamekuwa chini ya elfu moja, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeyashinda, kama tatizo la afya ya umma, malale ya ile namna iendayo polepole. Ile namna ya haraka, inayohifadhiwa na ng'ombe na wanyama wa porini, bado ipo katika nchi za kanda hii. Sasa dawa zipo, nazo hufaa zaidi kwa mgonjwa aliyewahi.

Na ni nani aingiaye porini, mbugani na kandokando ya maji kuliko sisi? Mbung'o huuma mchana, mchomo wake huuma sana, hupenya nguo nyembamba, hufuata magari yaendayo, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Pengine mahali alipouma hutokea uvimbe mgumu wenye maumivu baada ya siku kadhaa. Lakini si kila uvimbe ni wa mbung'o, wala si kila homa ni malaria.

Kwa hiyo tufanye kama ilivyofanywa Entebbe. Aliyeumwa na kitu asichokijua aandike katika kijitabu chake: siku na saa, mahali, kama ni mchana au usiku, kichakani au ndani ya nyumba, aliona nini, na alama ikoje. Mdudu akipatikana bila hatari, awekwe katika kiberiti na kupelekwa kwa tabibu. Kiongozi wa doria aulize kama wengine wameumwa mahali hapo hapo. Homa ikija, hata baada ya mwezi, askari asiseme tu kwamba ana homa, bali ataje pori alilopita. Tabibu asiyeambiwa habari ya pori atatafuta malaria, asipoiona atampa dawa za kubahatisha, na siku za kuokoa maisha zitapita.

Mvuvi wa Buvuma aliyefunga kivu mmoja katika jani na kutaja alikomkamata hakujua kusoma hadubini. Alitoa habari ya kweli kuhusu mahali pa kweli, na kwa habari kama hiyo ramani ilichorwa. Kila askari wetu anaweza kutoa habari hiyo.